Sura ya 6: Sheria Kwanza, Karata Baadaye

Mwezi wa Desemba, Machakos hupokea watu wake. Wanaofanya kazi Nairobi huiacha barabara ya Mombasa pale Kyumbi na kukata kona kuelekea nyumbani, watoto wakiwa wamebanana kiti cha nyuma. Wengine hupanda kutoka Mombasa kwa basi la usiku. Huu ni msimu wa mvua za vuli, ambazo wakulima wa Ukambani huzitegemea kuliko zile za masika, kwa hivyo mchana kila mwenye mikono ana palizi ya mahindi, kunde au pojo. Jioni huwa tofauti. Chakula kimeliwa, muthokoi umekwisha chunguni, mvua inanyesha, stima imepotea, na sebuleni kuna watoto saba au wanane ambao umri wao haulingani na hawajaonana tangu Aprili.

Kitu kinachoweza kuwakalisha wote kwenye mkeka mmoja, pamoja na wazazi na susu wao, yaani nyanya, kinatosha mfuko wa shati. Ni pakiti ya karata.

Karata humfundisha mtoto hesabu, kumbukumbu na subira, na katika sura hii nitaeleza namna gani. Lakini sababu yangu kubwa ya kuzitetea ni nyingine. Ni mahali pachache sana nyumbani ambapo mtoto wa miaka minane na mama yake wanabanwa na sheria ileile, na pachache zaidi ambapo mtoto huyo ameshiriki kuitunga. Kwenye karata yote mawili hutokea kila jioni. Ndiyo maana namsihi kila mzazi asiharakie kugawa. Kaeni kwanza, mkubaliane sheria.

Pakiti yenyewe

Pakiti ya kawaida ina karata 52, pamoja na jokeri mbili au tatu. Zimegawika katika aina nne, kila aina karata 13: kopa, uru, shupaza na pau. Majina haya tuliyapata kwa Wareno, walioanza kufika pwani yetu mwaka 1498. Wareno na majirani zao Ulaya walianza kuzijua karata miaka ya 1370, nazo ziliingia huko kutoka nchi za Kiislamu. Katika jumba la makumbusho la Topkapı, Istanbul, kumehifadhiwa karata za Misri ya enzi ya Wamamluki zenye vikombe, sarafu, panga na magongo ya polo. Kwa hivyo anayedhani karata ni mchezo wa wazungu peke yao ajue kwamba zilipita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika dukani Machakos.

Ukienda kununua, chagua za plastiki ukiweza. Za karatasi hunywa unyevu wa mvua, hushika alama za vidole vyenye mafuta, na baada ya wiki chache watoto huijua esi ya shupaza kwa mkunjo wa pembe yake. Mkicheza nje chini ya mwembe, tafuteni kijiwe cha kukandamiza rundo, maana upepo wa Machakos hauna simile. Karata moja ikipotea, usiitupe pakiti: chukua jokeri ya ziada, uiandikie kwa kalamu jina la iliyopotea.

Kisha kuna kuchanga. Watu wengi huchanga mara mbili au tatu na kugawa. Mwaka 1992 wanahisabati Dave Bayer na Persi Diaconis walionyesha kwamba pakiti ya karata 52, ukiigawa nusu mbili na kuziingiliza karata kwa karata, huhitaji kurudiwa takriban mara 7 ndipo ichanganyike vya kutosha. Vidole vya mtoto haviwezi kuchanga hivyo. Mwache azimwage zote mkekani zikitazama chini, azikoroge kwa viganja viwili kwa dakika nzima, kisha azikusanye. Kazi hii mpe mtoto mdogo kuliko wote. Ataichukulia kama cheo, na hakuna atakayelalamika kwamba mkubwa amepanga karata.

Michezo ya wadogo

Mtoto wa miaka minne anaweza kuanza na *jozi*. Toa karata 12 tu, yaani jozi sita za namba zinazofanana, uzipange kifudifudi kwa safu tatu. Kila mchezaji hufunua mbili. Zikilingana anazichukua na kucheza tena. Zisipolingana anazirudisha palepale. Hapa wakubwa wajihadhari, maana watoto wadogo mara nyingi huwashinda kwa haki. Wao wanaangalia karata huku mtu mzima akiwaza karo ya Januari.

Wa miaka mitano au sita wapeni *kubwa hula ndogo*. Wachezaji wawili hugawana pakiti nusu kwa nusu bila kutazama. Kila mmoja hufunua karata ya juu, na mwenye kubwa huzichukua zote mbili. Zikiwa sawa, kila mmoja huweka moja kifudifudi na nyingine wazi, na iliyo kubwa kati ya zile za wazi huzoa zote. Mwambie mtoto ataje namba kwa sauti kabla ya kuokota: "Tisa inakula sita." Akishazoea, kila mmoja afunue mbili na kuzijumlisha. Bila kujua, atakuwa amefanya hesabu za kujumlisha kwa wingi ambao hangevumilia kwenye daftari.

Mwaka 2008 watafiti Robert Siegler na Geetha Ramani, nchini Marekani, waliwachezesha watoto wa chekechea kutoka familia za kipato cha chini mchezo rahisi wa ubao wenye namba 1 hadi 10. Vilikuwa vipindi vinne vya takriban dakika 15, ndani ya wiki mbili. Watoto hao walipiga hatua wazi katika kuelewa ukubwa wa namba, ilhali wenzao waliocheza ubao wa rangi zisizo na namba hawakupata faida hiyo. Ule ulikuwa ubao, lakini mzazi mwenye karata mkononi ana namba zilezile 1 hadi 10, nazo zimechorwa alama ambazo mtoto anaweza kuzihesabu kwa kidole. Saba ya kopa ina kopa saba.

Wa miaka saba kwenda juu watapenda *kumi*. Ondoa karata zote za kumi na zile zenye picha, uhesabu esi kuwa moja. Zitabaki karata 36. Panga 12 zikitazama juu. Kila mchezaji kwa zamu yake hutafuta mbili zinazofika kumi: moja na tisa, mbili na nane, tatu na saba, nne na sita, tano na tano. Nafasi zilizoachwa hujazwa kutoka kwenye rundo, na kukikosekana jozi kabisa mnaongeza karata mbili. Mchezo ukichezwa vizuri hadi mwisho, karata zote 36 huisha kwa jozi 18, hata moja isibaki. Ikibaki, kuna mtu aliyejumlisha vibaya, na watoto hufurahia sana kumtafuta.

Mchezo wa mwisho wa wadogo ni *naomba*. Kila mmoja hupewa karata tano, nyingine zinakaa rundo katikati. Lengo ni kukusanya karata nne za namba moja. Mtoto humgeukia mchezaji yeyote na kumwomba: "Susu, naomba saba zako." Susu akiwa nazo lazima azitoe zote, akiwa hana humjibu, "Sina, mjukuu wangu, okota." Huruhusiwi kuomba namba ambayo huna hata moja yake mkononi. Karata zimefichwa, kwa hivyo hakuna wa kuhakikisha kama mtu amesema kweli papo hapo. Uongo hugunduliwa mwishoni, seti isipotimia. Mtoto hujifunza kusema kweli mahali ambapo hakuna anayemchungulia, na huko ndiko ukweli huwa na kazi.

Kadi, mchezo wa Wakenya

Sasa tufike kwenye mchezo ambao karibu kila kijana wa Machakos anaujua. Wengi huuita kadi, wengine poka, ingawa hauna uhusiano wowote na poka ya kasino. Waganda wanacheza ndugu yake wakiuita *matatu*, na Watanzania wana wao wanaouita *last card*. Ukoo huu wa michezo umeenea duniani. Hata UNO, uliobuniwa mwaka 1971 na kinyozi wa Ohio aliyeitwa Merle Robbins, ni wa mlango huohuo.

Kila mchezaji hupewa karata nne. Moja ya kawaida hufunuliwa katikati. Kwa zamu, unatupa karata inayolingana na ya juu kwa aina au kwa namba. Ukikosa, unaokota moja. Wa kwanza kumaliza karata ndiye mshindi. Kinachotia chumvi ni karata zenye nguvu:

Mbili humwokotesha anayefuata karata mbili, tatu humwokotesha tatu, na jokeri humwokotesha tano. Aliyetupiwa adhabu anaweza kujiokoa kwa kutupa karata ya adhabu kama hiyo, na mzigo ukamwendea anayefuata. Esi huifuta adhabu kabisa. Pasipokuwa na adhabu, esi humpa aliyeitupa haki ya kuchagua aina itakayochezwa.

Nane na malkia ni swali. Ukitupa swali lazima ulijibu mwenyewe, papo hapo, kwa karata ya aina ileile. Ukikosa jibu unaokota. Jeki humruka anayefuata. Mfalme hugeuza mzunguko, zamu ikarudi ilikotoka.

Halafu ipo sheria inayoupa mchezo jina. Zamu moja kabla ya kumaliza lazima utangaze, "Niko kadi!" Usipotangaza, huwezi kushinda kwenye zamu inayofuata, hata karata zako zikiruhusu. Na karata ya mwisho lazima iwe ya kawaida: nne, tano, sita, saba, tisa au kumi.

Raundi moja kwa karibu

Tuwaweke watu wanne mkekani: susu, kisha mjukuu wake wa kiume wa Gredi ya 6, kisha mama, kisha binti wa miaka minane. Katikati kuna sita ya kopa, na ni zamu ya susu.

Susu anatupa mbili ya kopa. Mvulana anapaswa kuokota mbili, lakini ana mbili ya pau; anaitupa, na adhabu inamwendea mama. Mama anatoa esi ya uru na kuizima. Katika nyumba hii walikubaliana kwamba esi iliyotumika kuzima adhabu haichagui aina, kwa hivyo sasa inachezwa uru.

Binti ana karata tatu: malkia wa uru, saba ya uru na saba ya pau. Anamtupa malkia, ambaye ni swali, na kumjibu kwa saba ya uru. Amebaki na saba ya pau peke yake. Anaruka: "Niko kadi!"

Zamu inarudi kwa susu. Angeweza kutupa karata ya kawaida, zamu ikaendelea kwa mvulana na mama kabla ya kumfikia mtoto. Badala yake anatupa mfalme wa uru. Mzunguko unageuka na zamu inamrudia binti mara moja, kabla aina haijabadilishwa na mtu. Juu kuna mfalme wa uru, mkononi ana saba ya pau. Hailingani kwa aina wala kwa namba. Anaokota, na ukadi wake umekwisha. Itambidi atangaze upya.

Hapa mtoto anaweza kulia, na mzazi anaweza kushawishika kusema, "Aah susu, mwachie tu." Usiseme. Raundi ikiisha, rudini nyuma pamoja mtazame. Zamu moja kabla, binti alikuwa na karata tatu, na katika nyumba yao inaruhusiwa kutupa pamoja karata za namba moja. Malkia wa uru, saba ya uru kumjibu, na saba ya pau juu yake: karata tatu zilikuwa zamu moja. Angetangaza "niko kadi" mapema, akiwa bado na tatu mkononi, angemaliza zote kwa mkupuo mmoja na mfalme wa susu asingefaa kitu. Mtoto akishaliona hilo hatalisahau. Siku ya pili atatangaza akiwa na karata tatu, na watu wazima watashtuka.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, wahenga walisema. Kushindwa kwa haki, mbele ya watu wanaompenda, na kuonyeshwa njia aliyoikosa, ni malezi. Ushindi wa kuachiwa mtoto huugundua haraka, na akishaugundua, hata ushindi wake wa kweli huutilia shaka.

Bunge la mkekani

UNO huja na karatasi ya sheria ndani ya kasha. Kadi haiji na chochote. Sheria zake zinaishi vichwani mwa watu, na kila mtaa una zake. Binamu aliyetoka Kayole atasema adhabu hujumlishwa: mbili juu ya mbili ni kuokota nne. Wa Mutituni atakataa. Mmoja atasema mnagawiwa karata tatu, mwingine nne. Wengine huihesabu esi ya shupaza kuwa na nguvu ya esi mbili, kiasi kwamba aliyeitupa anaweza kudai karata moja kwa jina lake. Wengine hawajawahi kusikia jambo hilo.

Wazazi wengi huona kelele hizi ni kasoro ya mchezo. Mimi naziona ndizo hazina yake. Kabla ya raundi ya kwanza, ulizeni maswali matano kwa sauti. Tunagawa karata ngapi? Adhabu zinajumlishwa? Esi ya shupaza ina nguvu gani? Unaweza kutupa nyingi za namba moja? Aliyesahau kusema "niko kadi" anaadhibiwaje? Kila mmoja aseme, mtoto mdogo aseme wa kwanza, na mkishakubaliana mtu aandike kwenye karatasi. Ikizuka hoja mpya katikati ya raundi, ichezeni kwa sheria mlizoanza nazo. Mabadiliko yangoje raundi ijayo.

Kanuni hii ya mwisho ndiyo nzito. Mtoto anajifunza kwamba sheria inaweza kubadilishwa, ila kwa mpangilio, na kamwe isibadilishwe katikati na yule anayeelekea kushindwa. Wapo watu wazima wenye vyeo ambao hawajajifunza hilo.

Nao wakubwa wana mtihani wao. Baba anayesahau kusema "niko kadi" na kudai "nilisema kimoyomoyo" amebomoa kila kitu kwa sentensi moja. Mwenye kufaa kuonyesha mfano ni susu. Kwa mila za Wakamba, mtoto hupewa jina la babu au nyanya yake, na kati ya wajukuu na wazee wao upo utani ambao mtoto hauwezi mbele ya baba. Susu akiokoteshwa tano na mjukuu wake na kuziokota huku akicheka, watoto wote wameona kwamba heshima ya mkubwa haipungui kwa kutii sheria.

Pesa zikae mbali

Ziko nyumba Machakos ambako karata hazikanyagi, na sababu zake si za kudharauliwa. Wamisionari wa Africa Inland Mission walifika Ukambani mwaka 1895, na Wakristo wengi waliolelewa katika mafundisho ya aina hiyo walizijua karata kama mlango wa kamari. Wengine wameiona hasara hiyo kwa macho yao: ile *pata potea* ya mtaani, ambapo mtu hurusharusha karata tatu juu ya boksi, wenzake waliojificha katika umati wanajifanya kushinda, na mpita njia anaacha nauli yake hapo. Leo kamari imehamia kwenye simu za vijana wetu.

Kwa hivyo iwe sheria ya kwanza, isiyopigiwa kura: hakuna pesa mkekani, hata shilingi. Wala peremende zisiwe dau, kwa sababu mtoto anayezoea kuweka dau la peremende amejifunza umbo zima la kamari, kimebaki kima tu. Msiweke kazi za nyumbani kuwa adhabu pia. Vyombo huoshwa kwa sababu ni vichafu, na aliyeshindwa hana deni kwa mtu.

Na ukitaka kumkinga mtoto na pata potea, mfundishe jinsi inavyofanyika. Kaa naye, chukua karata tatu, moja nyekundu, umwonyeshe jinsi mkono unavyotupa karata ya juu huku jicho likidhani ni ya chini. Mwache ajaribu mwenyewe hadi akudanganye. Mtoto aliyeishika hila ile kwa mikono yake hatapanga foleni kuilipia stendi.

Mwanzo wenu

Kama hamjawahi kucheza, msianze na kadi. Juma la kwanza chezeni jozi na kumi, robo saa baada ya chakula, simu zikiwa pembeni. Juma la pili ongezeni naomba. Kadi ije baadaye, na ije na nguvu chache: mbili, jeki na esi pekee. Watoto wakizizoea, leteni maswali, kisha mfalme, kisha jokeri. Simamisheni mchezo wakiwa bado wanautaka, kabla usingizi haujaleta ugomvi.

Baada ya miezi michache pimeni faida kwa kipimo kimoja. Msihesabu nani ameshinda mara nyingi. Sikilizeni tu watoto wanapogombania baiskeli au zamu ya kuchota maji. Ikiwa mmoja wao, badala ya kusukuma au kukimbilia kwa mama, atasimama na kuuliza, "Lakini tulikubaliana nini?", basi karata zimefanya kazi yake, na mnaweza kugawa tena.